Miti kwenye renda inaonekana imebandikwa, mteja kaikataa (nyumba iko Isyesye, Mbeya)

Mchoraji_wa_Sae

Wakuu salamu, na shikamooni mlionizidi. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Nimemchorea mama mmoja mwalimu mstaafu nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kipo Isyesye hapa Mbeya, nyumba inatazama kaskazini, yaani ukikaa barazani macho yanakwenda upande wa milimani kule Loleza. Modeli nimejenga SketchUp (programu ya kuchora nyumba kwa 3D), renda, yaani picha kamili ya nyumba itokanayo na modeli, nimetoa na V-Ray, ukuta bati madirisha vyote vimetoka safi tu, shida inaanza nikiingia Photoshop kuweka miti.

Laptop yangu ina ramu ya gb 8 kwahiyo miti ya 3D siwezi, nikiweka mitatu tu feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikatumia miti ya PNG, yaani picha za miti zilizokwisha kukatwa, lile bando tunalorushiana kwenye magrupu. Nimeweka minazi miwili getini, mti mkubwa wa majani ya njano pembeni ya sebule, chini nimejaza majani ya kijani kinachong'aa, na maua kando ya njia. Mimi niliona pamependeza. Mama kaiangalia kwenye simu muda mrefu, akaniambia mwanangu nyumba ni nzuri ila hii umeijenga wapi, huku kwetu mnazi umeota wapi? Halafu akasema miti imekaa kama imekatwa kwenye kalenda ikabandikwa.

Nimekaa nimeangalia naona anasema kweli, lakini sijui kosa liko wapi hasa. Vivuli nimeweka, ukubwa nimekisia kwa macho. Kuna na ukingo mweupe unaozunguka majani nimeufuta na raba mpaka mkono umechoka. Picha nimeambatanisha, naombeni mniambie ukweli bila kunionea huruma maana namheshimu sana huyu mama na pesa yake ni kiinua mgongo chake.

Rula_na_Kamba (Iringa)

Kamwene kaka. Nimeifungua nikaikuza. Nyumba umechora vizuri, hilo nalisema kwanza.

Kosa la kwanza ninaloliona ni ukubwa. Umesema umekisia, na ndio maana mnazi wa kulia ukiulinganisha na geti unatoka kama mita 4 na wa kushoto unatoka kama mita 11, wakati imepandwa sehemu moja. Usikisie kabisa. Kamera yako umeiweka urefu wa macho ya mtu, sivyo? Tuseme mita 1.6. Basi pale mstari wa upeo (ardhi inapokutana na anga) unapopita, kila kitu kilichosimama kwenye ardhi tambarare unakikata kwenye mita 1.6 kutoka chini yake, kiwe karibu kiwe mbali. Kwahiyo ukitaka mti wa mita 8, pima kutoka shina linapogusa ardhi mpaka mstari wa upeo, halafu zidisha mara 5, hapo ndipo kilele kinafika. Mti wa mita 4 ni mara mbili na nusu. Ukishalijua hili hutakaa ukisie tena maishani, na watu ni hivyohivyo, mtu mzima aliyesimama popote kwenye picha macho yake yanakaa kwenye mstari uleule.

Ila hiyo ni ardhi tambarare. Kama kiwanja kina mteremko, na viwanja vingi vya kwenu vina mteremko, fanya hivi: rudi kwenye modeli, pale unapotaka mti simamisha boksi jembamba lenye urefu wa huo mti, toa renda ya pili ya haraka haraka kwa kamera ileile, ilete Photoshop kama leya (tabaka la picha) ya juu. Unapandisha miti yako kwenye hayo maboksi, ukimaliza unaizima hiyo leya. Mimi nafanya hivi kila kazi, hata tambarare, maana inaniambia pia mti upi unazibwa na ukuta na upi uko mbele.

Ukingo mweupe usifute na raba. Chini kabisa kwenye menyu ya Leya kuna kipengele cha kusafisha kingo, kina sehemu ya kuondoa weupe na nyingine ya kuondoa weusi, unabonyeza mara moja kwisha. Ukibaki kidogo, weka maski (inaficha bila kufuta) na brashi ndogo. Raba inakula majani yenyewe na huwezi kuyarudisha.

Jua_la_Utosi

Aliyetangulia kasema sawa kuhusu ukubwa ila mimi naona kinachoua hiyo picha ni jua.

Umesema nyumba inatazama kaskazini. Sasa mbona ukuta wote wa mbele uko gizani na vivuli vya nguzo za baraza vinakuja huku kwa anayeangalia? Hiyo maana yake jua liko kusini, tena liko chini. Nina hakika karibu yote kwamba faili hujaliwekea lokesheni. SketchUp usipoiambia uko wapi inachukua Boulder, jimbo la Colorado huko Marekani, nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, na huko ukuta unaotazama kaskazini haulioni jua sehemu kubwa ya mwaka. Sisi Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini. Tangu mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la mchana linapita kaskazini kwetu, kwahiyo baraza la huyo mama litapigwa na jua kipindi chote cha baridi, na kwa Mbeya hilo ni jambo jema sana kumuonyesha. Wewe umemwonyesha baraza la giza.

Halafu miti yako yote imemulikwa kutoka kushoto mbele, iangalie mashina. Nyumba inamulikwa kwa nyuma, miti inamulikwa kwa mbele, jicho la mtu yeyote litakataa hata kama hajui kwanini. Ndio hiyo kalenda aliyoisema.

Weka lokesheni Mbeya, tarehe yoyote ya Juni, saa tatu na nusu asubuhi. Jua litakuwa kaskazini mashariki, yaani mgongoni kwa kamera upande wa kushoto, ukuta wa mbele utawaka, vivuli vitakwenda nyuma kulia, na miti yako itakubaliana na nyumba bila hata kuigeuza.

Kuhusu urefu wa kivuli, nikupe namba ujipimie. Juni 21 jua likifika juu kabisa, mti wa mita 8 hapa kwetu kivuli chake ni kama mita 5 kwenda kusini. Desemba mti huohuo kivuli ni kama mita 2 tu, na kinageuka kwenda kaskazini. Na hiyo juu kabisa kwa Mbeya sio saa sita kamili, ni karibu saa saba kasorobo, kwasababu saa ya Tanzania inafuata longitudo 45 ambayo iko mashariki baharini, sisi tuko kwenye 33 na kitu. Mtu anayekaa Mbeya analijua hili mwilini hata kama hajawahi kulisoma, ndio maana kivuli cha uongo anakishtukia.

Kutengeneza kivuli: rudufu leya ya mti kwa Ctrl J, funga pikseli zilizo wazi, ijaze rangi moja. Usitumie nyeusi! Chukua rangi kwa kidonyezo kutoka kwenye kivuli cha paa kilichopo tayari kwenye renda yako, utakuta ina ubluu kidogo. Weka modi ya maltiplai (inatia giza kilicho chini yake), opasiti, yaani ukolezo, rudisha mpaka kilingane na kivuli cha paa, sio juu ya hapo. Kisha Ctrl T, ilaze na kuisukuma kulia ifuate mwelekeo uleule wa vivuli vya nguzo. Kivuli kikifika ukutani hakiendelei kulala, kinavunjika pale chini na kupanda wima, hapo lazima ukate kipande na kukisimamisha. Karibu na shina kiwe kikali, kikienda mbali kilegeze kwa blari kidogo. Na pale shina linapogusa ardhi weka giza dogo la ziada na nyasi chache zipite mbele ya shina, bila hivyo mti utaelea siku zote.

Kijana_Uyole

Mimi nitatofautiana nanyi kidogo wakubwa zangu, kwa heshima. Huu utaratibu wa kubandika miti kwa Photoshop ni wa kazi nyingi kwa picha moja, mteja akisema sogeza kamera mita mbili unaanza upya kila kitu, vivuli na vyote. Kwenye programu za 3D kama Twinmotion au Lumion unaweka mti mara moja na kivuli kinakuja chenyewe, ukitaka na video unapata. Nilihangaika na PNG miaka miwili nikaacha, sijutii.

Rula_na_Kamba (Iringa)

@Kijana_Uyole uko sahihi kwa video na kwa kazi yenye kamera kumi, hapo hata mimi siendi Photoshop. Lakini jamaa ana gb 8 na picha moja. Halafu kuna jambo la pili, kwenye hizo maktaba nitafutie mparachichi unaofanana na wa Rungwe, au mgomba ambao majani yake yamechanwa na upepo. Utapata mgomba wa hotelini, majani mazima kama sahani. Miti ya kwetu kwa sehemu kubwa lazima tuipige picha wenyewe.

Na kuipiga sio kazi ngumu. Toka asubuhi kabla jua halijavuka mlima, au siku ya mawingu, anga linakuwa jeupe na mti hauna vivuli vikali mwilini, kwahiyo baadaye utaumulika unavyotaka. Simama mbali uvute kwa zumu, usisogee karibu ukainua simu juu maana mti utajikunja kama unaanguka nyuma. Tafuta mti uliosimama peke yake na nyuma yake kuna anga tupu. Ukifika Photoshop nenda kwenye chaneli (picha ikigawanywa nyekundu, kijani na bluu), chaneli ya bluu ndiyo inayotenganisha majani na anga vizuri kuliko zote, irudufu, Ctrl L vuta mpaka anga liwe jeupe kabisa na majani yawe meusi, igeuze kwa Ctrl I, halafu ibonyeze huku umeshika Ctrl upate selekisheni ya kila jani. Dakika tano mti umetoka na matundu yake yote ya katikati. Yale matundu ya anga yanayoonekana katikati ya matawi ndiyo yanayofanya mti uwe mti.

Asiye na Photoshop haya yote yanafanyika GIMP ambayo ni bure, na Photopea inafunguka kwenye brauza na inasoma faili za PSD.

Mama_Kitalu (Iringa)

Wanangu hamjambo. Mimi sio mchoraji, nina kitalu cha miche, lakini hizi picha zenu ndio zinaletwa kwangu, mtu ananionyesha simu anasema mama nataka kama hivi. Kwahiyo naomba mnisikilize.

Kwanza huo mti wa njano. Ule ni mti wa Ulaya wakati wa majani kupukutika, sisi hatuna msimu huo. Kama mnataka rangi, basi kuna miombo, Septemba na Oktoba kabla ya mvua inatoa majani mapya mekundu mekundu ya shaba, inapendeza kuliko huo. Lakini miombo haipandwi getini, iacheni mbali kwenye kilima. Kwa mbali wekeni na misitu ya paini na milingoti, ukipita Mafinga unaona inavyojipanga kwenye vilima mpaka inakuwa ya bluu. Mbali mti haubaki kijani.

Pili, mwenzenu kasema mweke jua la Juni. Sawa, basi na mimea iwe ya Juni. Mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili, ikifika Juni ukoka usiomwagiliwa umeshaanza kuwa wa kahawia, na jakaranda haina hata ua moja, yenyewe inachanua kama sasa hivi, Septemba kwenda Novemba. Mkiweka jakaranda ya zambarau juu ya ukoka wa kijani cha Februari, mmechanganya miezi miwili kwenye uwanja mmoja. Sisemi msiweke kijani, karibu na nyumba mtu anamwagilia, lakini nje ya ukuta pawe pakavu kidogo.

Tatu ndio inayoniuma zaidi. Nimeona alama ya chemba ya maji taka kwenye ile plani uliyoweka pembeni, na huo mti mkubwa umeusimamisha juu yake. Mama wa watu akienda kuupanda hapo kwasababu picha imemwambia, baada ya miaka kumi mizizi inaingia kwenye bomba. Kwenu ni leya, kwetu ni shimo na mbolea na pesa ya mtu. Nimeshawahi kung'oa mlingoti ulioota mita tatu kutoka ukutani, mwenye nyumba alilipia kuupanda, akalipia kuumwagilia, na akalipia kuukata, na kisima chake kilikuwa kimeanza kukauka.

Kwa kiwanja kama hicho mimi ningeweka hivi. Ukuta wa nyuma migrivea, inakwenda juu na kivuli chake ni chepesi, ila iwe mbali na nyumba maana inarefuka sana. Nyuma ya jiko kule maji ya kuoshea yanakotiririka, migomba, na mkiuchora mgomba msiweke shina moja, pale shinani panakuwa na mama, mtoto na mjukuu, vimo vitatu. Mbele upande wa sebule mparachichi wa kubebeshwa (mche uliounganishwa) mmoja, ukipunguzwa matawi unakaa kwenye mita 5 au 6 hauzibi paa. Getini bogenvilia, kando ya njia michongoma iliyokatwa usawa wa kiuno. Mnazi waachieni watu wa pwani, Mbeya ni mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ile hautaki.

Na mumwonyeshe mteja mti wa umri gani. Mche nauuza ukiwa na futi moja na nusu, picha inaonyesha ghorofa.

Jua_la_Utosi

Shikamoo mama. Hilo la umri sikuwahi kulifikiria na nimefanya kazi hii miaka tisa. Inawezekana kabisa, leya zote za miti unaziweka kwenye makundi mawili, la mwaka wa kwanza na la mwaka wa nane, unawasha moja unazima jingine. Nitaanza kufanya.

Mchoraji_wa_Sae

Wakuu nimerudi. Marahaba kwa niliowazidi na shikamoo mama yangu wa kitalu.

Jua_la_Utosi ulikuwa sahihi, faili lilikuwa Boulder. Miaka mitatu nachora nyumba za Mbeya na jua la Colorado. Nimeweka Mbeya, Juni, saa tatu na nusu, baraza lote likawaka, nikamuita mke wangu aje aone.

Jumamosi nilitoka mapema nikazunguka Forest ya Zamani mpaka Soweto na simu, nikapata jakaranda moja (nimeihifadhi kwa kazi nyingine ya Oktoba), migrivea miwili, na bogenvilia. Mparachichi nilikwenda kuupiga kwa shangazi yangu Tukuyu pamoja na migomba, hiyo ya nyuma ya jiko lake kabisa, majani yamechanika na jani moja kavu linaning'inia. Nilitaka kulifuta lile jani kavu, nikaliacha. Ndilo linalofanya mgomba ule uonekane umeota hapo.

Chaneli ya bluu imefanya kazi kwa migrivea na mparachichi, kwa bogenvilia ikanigomea kwasababu nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe wenye kivuli, nikamalizia kwa maski kwa mkono. Maboksi ya Rula_na_Kamba nimeyatumia, kiwanja kina mteremko kama wa mita moja na nusu kutoka nyuma kuja mbele, ningekisia ningekosea tena. Mti wa kwenye chemba nimeuondoa na nimemwambia mteja kwanini niliuondoa.

Kitu kimoja nilichojifunza mwenyewe, ardhi inarudisha rangi. Udongo wa pale ni wa kahawia unaokwenda kwenye wekundu, V-Ray ilikuwa imeshautupia ukuta wekundu kidogo pale chini, lakini mashina ya miti yangu yalikuwa ya kijivu mpaka ardhini. Nikachukua rangi ya udongo, leya mpya iliyobanwa juu ya mti, brashi laini, opasiti asilimia 15 hivi, nikapitisha chini ya kila shina. Tofauti ni ndogo lakini mti ukakaa.

Nimempelekea mteja picha mbili kama mlivyosema, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa nane. Nimeziprinti A3 kwa pikseli 150 kwa inchi, 2480 kwa 1754, zimetoka safi. Alivaa miwani akaishika ile ya mwaka wa nane, hakusema chochote kuhusu nyumba. Akaweka kidole kwenye mparachichi, akaniuliza huu utazaa lini.

Sikujua. Mama wa kitalu nimwambieje?

Mama_Kitalu (Iringa)

Mwambie mche wa kubebeshwa ukitunzwa unaanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu au wa nne. Ila asisubiri nyumba iishe. Shimo lichimbwe sasa hivi, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu uwekwe peke yake uchanganywe na samadi iliyooza, likae wazi mpaka mvua za Novemba zikishika. Na mafundi waambiwe pale wasimwage zege wala wasipitishe lori. Wewe si unayo plani, pima kutoka kwenye kona ya sebule mpaka pale ulipouchora, uwapelekee vipimo leo.

Mchoraji_wa_Sae

Mita 6.4 kutoka kona ya sebule, mita 9 kutoka chemba. Kesho asubuhi naenda saiti na kigingi.